Makali ya Wembe Chini ya Hadubini

Wembe unaozungumzwa hapa si ule mwembamba wa dukani unaofunguliwa kwenye karatasi yake na kutupwa baada ya kunyolea mara mbili tatu. Ni wembe wa kukunja, wenye mgongo mnene na bapa lililochimbwa pande zote mbili, ambao hunolewa kwenye jiwe, husuguliwa kwenye mkanda wa ngozi, na ukitunzwa vyema hurithiwa. Siku hizi si rahisi kuukuta katika vibanda vya vinyozi vya Mwanjelwa wala Soweto, hapa Mbeya. Mashine za umeme ziliusukuma pembeni, na mafunzo ya kujikinga na ukimwi, yaliyotuzoesha kwamba kila mtu awe na wembe wake, yakamalizia kazi. Wangu nilipewa na mzee aliyenyoa watu kwa miaka mingi pale Sokomatola. Jina la mji wa Solingen, Ujerumani, limegongwa kwenye shina lake, na siku aliponikabidhi makali yake yalikuwa na mapengo yanayoonekana hata bila miwani.

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Mbeya, na maabara yetu ina hadubini za aina ile inayotumiwa kuangalia ngozi ya kitunguu. Kwa hiyo nilipoanza kuunoa wembe ule sikusubiri kidevu kinipe majibu. Kila nilipomaliza jiwe moja niliuweka chini ya lenzi. Nilichojifunza ni kwamba hadubini ni shahidi mzuri wa kazi iliyofanywa na jiwe, lakini ni shahidi dhaifu wa ukali wenyewe, na wengi wanaotazama picha za makali yaliyokuzwa huchanganya ushahidi wa namna hizi mbili.

Uchunguzi huu ulianza katika karne ya kwanza ya hadubini zenyewe. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu cha michoro ya vitu alivyoviona kupitia lenzi, Micrographia, na kitu cha kwanza alichokieleza humo ni ncha ya sindano. Cha pili ni makali ya wembe. Alifuata utaratibu wa jometri, nukta ikitangulia na mstari ukifuata, na vyote viwili vilimwangusha: ncha ilionekana butu na yenye mabonde, na makali ambayo kwa jicho yalikuwa mstari safi yalijaa mifereji na maumbo ya kila aina, ila lile moja yaliyotarajiwa kuwa nalo.

Ili kuona kwa nini inakuwa hivyo, ni lazima tuanze na umbo la wembe. Unaponolewa, wembe wa kukunja hulazwa kwenye jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, kwa hiyo pembe ya makali huamuliwa na mgongo, tofauti na panga au kisu ambavyo pembe yake hutegemea mkono wa mnoaji. Mgongo wa wembe wangu una unene wa milimita 5, na kutoka makali hadi pale mgongo unapogusa jiwe ni milimita 19. Ukichukua nusu ya unene na kupiga hesabu ya pembetatu, unapata nyuzi 7.5 kila upande, yaani nyuzi 15 kwa jumla. Kila upande jiwe huacha kijiukanda bapa kinachong'aa, ambacho kwenye wembe huu kina upana wa takriban milimita 0.6. Kijiukanda hicho nitakiita mteremko, na mstari ambapo miteremko miwili hukutana nitauita ukingo. Anayenyoa hukata kwa ukingo. Anayechungulia kwenye hadubini, kama tutakavyoona, huona mteremko.

Sasa fuata ile pembe ya nyuzi 15 hadi mwisho wake. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu kwa kawaida una unene kati ya mikromita 50 na 100. Ukirudi nyuma mikromita 100 kutoka ukingoni, chuma cha wembe kina unene wa mikromita 26. Ukirudi mikromita 10, unene ni 2.6. Ukirudi mikromita moja tu, unene ni kama robo ya mikromita. Maana yake ni kwamba mkwaruzo wenye kina cha mikromita moja, ambao katikati ya mteremko hauna madhara yoyote, ukikimbia hadi ukingoni hukuta chuma kilicho chembamba kuliko kina chake wenyewe, na hutokea upande wa pili. Hapo haustahili tena kuitwa mkwaruzo, kwa kuwa umekwisha kuwa pengo. Hesabu hii fupi inaeleza karibu kila kitu ambacho mnoaji hukitafuta anapoinamia lenzi.

Inaeleza pia asichoweza kukiona. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena nchini Ujerumani, alionyesha kwamba lenzi haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana kupita kiasi fulani, na kiasi hicho hutokana na urefu wa wimbi la nuru na upana wa koni ya nuru ambayo lenzi inaweza kuipokea. Upana huo huandikwa ubavuni mwa lenzi kama namba ya desimali, kando ya ukuzaji wake. Lenzi yetu ya mara 10 imeandikwa 0.25, na kwa nuru ya kijani, yenye wimbi la mikromita 0.55, kitu kidogo kabisa inachoweza kukitenganisha na jirani yake ni kama mikromita 1.1. Hata lenzi bora kabisa inayofanya kazi hewani, bila tone la mafuta, hukomea karibu na mikromita 0.3. Ukingo wa wembe ulionolewa vizuri una upana ulio chini ya mikromita moja, na mara nyingi chini sana. Tunachokitafuta, basi, ni chembamba kuliko nukta ndogo kabisa ambayo hadubini ya shule inaweza kuichora.

Kukuza zaidi hakuondoi kizuizi hicho, kama vile kuivuta picha ya simu kwa vidole viwili kusivyoongeza sura ya mtu aliyesimama mbali. Kuna hadubini ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta zinazouzwa kwa maandishi ya "mara 1,000"; mara nyingi namba hiyo huhesabu na ukubwa wa kioo cha kompyuta, na haielezi lenzi inatenganisha nini. Lenzi ya mkono ya sonara, ya mara 10 au 30, ikiwa na tochi nzuri, itamwambia mnoaji mambo mengi yaleyale kwa bei ndogo.

Hadubini ya shule ina tatizo jingine, ambalo mwanzoni lilinipotezea jioni nzima. Taa yake iko chini ya meza ya kuwekea sampuli, kwa sababu imekusudiwa kwa vitu vinavyopitisha nuru, na wembe haupitishi. Ukiuweka hapo, unachokiona ni kivuli cheusi chenye ukingo. Kivuli hicho kina faida yake, kwa maana mapengo makubwa hujitokeza kama meno ya msumeno, lakini mteremko wenyewe uko gizani. Ni lazima kumulika kutoka juu, kwa tochi iliyoshikwa pembeni, na hapo lenzi ya mara 40 inakuwa haina kazi, kwa kuwa huikaribia sampuli hadi chini ya milimita moja na mwanga wa tochi haupati pa kupenya. Hadubini za wataalamu wa metali hutatua jambo hili kwa kupitisha nuru ndani ya lenzi yenyewe. Sisi wa maabara za kawaida tunabaki na lenzi za mara 4 na 10, ambazo pamoja na lenzi ya jicho hutoa ukuzaji wa mara 40 na mara 100, na kwa kazi hii zinatosha.

Ni lazima pia mteremko ulale sawa. Wembe ukilazwa bapa kwenye meza ya hadubini, mteremko wa juu unainama kwa nyuzi 15, na tofauti ya kimo kati ya kingo zake mbili inazidi mikromita 150, ilhali lenzi ya mara 10 huona kwa ukali tabaka lisilofika mikromita 10. Matokeo yake ni uzi mmoja ulio wazi na ukungu pande zote. Nilipachika kipande cha kifutio chini ya bapa, upande wa makali, nikauinua kidogo kidogo mpaka mteremko wote ukaonekana kwa pamoja.

Lakini jambo linalowapotosha watu kuliko yote ni upande ambao mwanga unatokea. Ukisimama barabarani Umalila asubuhi, jua likiwa bado chini, matuta ya viazi upande wa pili wa bonde huonekana moja moja, kila tuta likiwa na kivuli chake. Rudi saa sita mchana, na shamba lile lile limekuwa kitambaa cha rangi moja. Hakuna aliyesawazisha matuta. Jua ndilo lililohama. Mikwaruzo ya jiwe kwenye mteremko wa wembe ni matuta ya aina hiyo hiyo. Tochi ikimulika kwa kukingama nayo, kila mkwaruzo hujitokeza, na mteremko huonekana kama shamba lililolimwa jana. Zungusha tochi ili mwanga ukimbie sambamba na mikwaruzo, na mteremko ule ule, katika dakika ile ile, unakuwa kioo. Kwa hiyo picha ya makali isiyosema mwanga ulitoka wapi haithibitishi lolote, na mtu akitaka kukushawishi kwamba jiwe lake ni bora, hahitaji kudanganya. Anahitaji kusogeza tochi tu.

Mimi nilijidanganya mwenyewe. Nilikuwa na mawe matatu, la namba 1000, la 3000 na la 8000 (namba ikiongezeka, chembe za jiwe huwa ndogo zaidi), na kwa kuwa mapengo makubwa yalitoweka mapema kwenye jiwe la kwanza, nilikimbilia la mwisho na kukaa nalo jioni tatu. Mteremko uling'aa hata nikaona kivuli cha dirisha ndani yake. Niliponyoa, wembe uling'oa ndevu badala ya kuzikata, hasa karibu na ncha. Nikaupeleka Sokomatola. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alililamba dole gumba lake, akaligusisha kwa kukingama juu ya makali bila kulitelezesha, mahali patatu, kwenye shina, katikati na karibu na ncha. Hakuutazama mng'ao hata kidogo. "Mwalimu," akaniambia, "umepiga lipu kabla ya kujenga ukuta."

Nilirudi maabara nikafanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Nilipaka wino wa maka peni kwenye mteremko wote, nikaupitisha wembe mara moja tu kwenye jiwe la 8000, kisha nikauweka chini ya lenzi. Katikati wino ulikuwa umefutika hadi mwisho. Karibu na ncha, kwa urefu wa kama milimita 8, ulibaki mstari mweusi mwembamba ukingoni kabisa. Jiwe lilikuwa linang'arisha sehemu ya nyuma ya mteremko bila kuufikia ukingo, kwa sababu kwenye jiwe la namba 1000 miteremko miwili haikuwa imekutana pale. Nilikuwa nimepata kioo, na nyuma ya kioo hicho, nilipozungusha tochi, mikwaruzo mirefu ya namba 1000 ilikuwa bado ipo, mingine ikifika ukingoni na kuishia kwenye pengo.

Hapa ndipo hadubini inapolipa gharama yake, na ndipo mnoaji anapaswa kukaa muda mrefu kuliko anavyopenda. Namba ya jiwe hueleza ukubwa wa chembe zake: kwenye jiwe la 1000 chembe huwa na ukubwa wa mikromita 11 hadi 15 hivi, na kwenye la 8000 kati ya 1 na 3, kutegemea kipimo anachofuata mtengenezaji. Chembe haizami yote ndani ya chuma, kwa hiyo kina cha mkwaruzo ni kidogo kuliko ukubwa wake, lakini tumeshaona kwamba karibu na ukingo hata mikromita moja ni nyingi. Kila jiwe lina kazi ya kufuta mikwaruzo ya jiwe lililotangulia, na njia nyepesi ya kujua kama imefutika ni kubadili mwelekeo wa mapito. Ukisukuma wembe kwa mshazari wa kulia kwenye jiwe la kwanza na kwa mshazari wa kushoto kwenye la pili, mikwaruzo ya zamani hukatiza ile mipya, na mmoja tu uliosalia huonekana kama mtu anayetembea kinyume na wenzake sokoni. Ikiwa mikwaruzo yote ya mwelekeo wa zamani imetoweka, hasa katika theluthi ya mwisho ya mteremko inayoelekea ukingoni, unaweza kusonga mbele. Kilichobaki nyuma, karibu na bapa, kiache; hakinyoi.

Namba hizo nazo zisiabudiwe. Kuna jiwe la asili la Ardennes, Ubelgiji, linaloitwa coticule, ambalo hukwaruza kwa vijipunje vya madini ya ganeti. Punje hizo huwa kubwa kuliko chembe za jiwe la 8000, lakini kwa kuwa umbo lao linakaribia mviringo hazichimbi kwa kina, na wanyozi wa Ulaya walimalizia nyembe zao kwenye jiwe hilo kwa vizazi vingi. Umbo la chembe lina sauti sawa na ukubwa wake. Vilevile, ukikuta kwenye lenzi vijimteremko viwili, kimoja chembamba sana mbele ya kingine, usihangaike kabla ya kuuliza kama aliyekutangulia alifunga tepu ya fundi umeme kwenye mgongo ili usilike na jiwe. Tepu hiyo kwenye wembe kama wangu huongeza pembe kwa takriban nyuzi 1, na inatosha kuacha alama.

Baada ya kuusoma mteremko, usimamishe wembe makali yakitazama juu, moja kwa moja kuelekea lenzi, na umulike kutoka juu. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko mengine yote ya hadubini, kwa kuwa linatumia udhaifu wa lenzi kama faida. Ukingo mkali ni mwembamba mno kiasi kwamba haurudishi nuru ya kutosha kuonekana. Mahali penye ukali pako kimya na peusi. Popote ukingo ulipolala, ulipotoboka au usipokamilika pana kijiuso, na kijiuso hurudisha mwanga. Mstari mweupe usiokatika una maana wembe bado ni butu wote, na nukta nyeupe moja moja zina maana ya mapengo. Giza tupu lina maana kwamba huna cha kulaumu, ingawa halisemi kama upana wa ukingo ni nusu ya mikromita au sehemu ya kumi yake, na shavu lako litajua tofauti hiyo vizuri sana.

Kuna kitu kimoja kinachofanana na ukali na si ukali. Chuma kikifikia wembamba huo, badala ya kukwanguliwa huweza kupinda na kuning'inia upande mmoja kama kijiutepe, hasa mkono ukikandamiza. Kwenye lenzi huonekana kama uzi unaong'aa kando ya ukingo, unaoonekana upande mmoja na kupotea ukigeuza wembe, au kama ukingo ulionyooka upande huu na kuliwaliwa upande ule. Wembe wa namna hiyo hukata unywele unaoning'inia kwa mapito ya kwanza, kisha kijiutepe hukatika na kuacha ukingo mbovu kuliko wa awali. Dawa yake ni mkono mwepesi kwenye jiwe la mwisho, uzito wa wembe wenyewe na si zaidi, na baadaye mkanda wa ngozi, wembe ukitangulizwa mgongo ili makali yasiuchane. Nimelinganisha kwa ukuzaji wa mara 100 makali kabla na baada ya mapito 50 kwenye ngozi, na sikuona tofauti ambayo ningethubutu kuiapia. Usoni tofauti ilikuwa ya mchana na usiku.

Kinachotokea chini ya mpaka huo wa nuru huonekana kwa hadubini ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza ya kwanza mjini Berlin mwaka 1931. Mwaka 2020 watafiti wa Massachusetts Institute of Technology, Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliofanywa na Gianluca Roscioli na wenzake, wakiuliza kwa nini unywele, ulio laini mara 50 hivi kuliko chuma cha wembe, unaweza kukiharibu. Roscioli alinyoa kwa nyembe za kawaida za dukani na kuzitazama kila baada ya kunyoa, kisha wakatengeneza kifaa cha kukata nywele ndani ya hadubini yenyewe. Makali hayakuwa yakichakaa kwa kulainika kidogo kidogo kama jiwe la mtoni. Yalikuwa yakimeguka, vipande vya kama sehemu ya kumi ya unene wa unywele, pale ambapo muundo wa ndani wa chuma haukuwa sawa na unywele ukaukuta ukingo kwa mshazari. Nyembe hizo si za kukunja na chuma chake si kile kile, lakini namna ya kumeguka inafanana mno na zile nukta nyeupe ninazoziona baada ya wiki kadhaa za kunyoa.

Katika nyanda hizi kuna mharibifu mwingine asiyehitaji unywele. Tangu Novemba hadi Aprili mvua haituachi, taulo hazikauki, na wembe uliofutwa harakaharaka hubaki na maji pale pale chuma kilipo chembamba kuliko kote. Kutu ya ukingoni huonekana kwa lenzi kama madoa meusi yenye kingo zilizochongoka, siku kadhaa kabla jicho halijaona lolote. Nilikuta madoa matano kwenye wembe wangu baada ya kuusahau bafuni usiku mmoja wa Machi. Tangu hapo naufuta kwa kitambaa kikavu, naupitisha kwenye ngozi mara chache, kisha naupaka mafuta ya cherehani.

Mwezi uliopita, nilipousimamisha chini ya lenzi ya mara 4, niliona nukta moja nyeupe, kama milimita 6 kutoka kwenye ncha. Niliupeleka Sokomatola bila kusema neno. Mzee alilamba dole gumba, akagusa shina, akagusa katikati, akasogea kuelekea ncha na kusimama hapo hapo. Jioni ile niliurudisha kwenye jiwe la 8000, mapito 20 bila kukandamiza, na nilipoutazama tena nukta ilikuwa imezimika.